Hasara kamili ya gari

Hasara kamili ya gari ni hali inayotokea katika bima pale gari lililopatwa na ajali, mafuriko, moto au wizi linapohesabiwa kuwa halifai tena kutengenezwa. Sababu yaweza kuwa limeharibika kupita kiasi, au gharama ya kulitengeneza inazidi thamani yake. Gari la namna hiyo husemwa kuwa *limefutwa*. Kampuni ya bima hailipii matengenezo yake; badala yake humlipa mwenye gari thamani ambayo gari lilikuwa nayo kabla tu ya ajali, na kwa kawaida huchukua mabaki.

Jambo hili huwagusa zaidi wenye magari ya zamani. Thamani ya gari hushuka mwaka hadi mwaka, lakini bei ya taa, bampa, rangi na kazi ya fundi haishuki nayo. Kwa hiyo gari la miaka 15 ambalo injini yake ni nzima laweza kufutwa kwa ajali ambayo kwa gari jipya ingekuwa ya kawaida tu.

## Aina za hasara kamili

Kuna aina kuu mbili.

* Hasara kamili halisi: gari limeungua, limepondeka au limeharibika kiasi kwamba hakuna fundi awezaye kulirudisha barabarani. Gari lililoibwa na lisipatikane katika muda uliowekwa na mkataba wa bima huhesabiwa pia katika kundi hili.
* Hasara kamili ya kiuchumi: gari linaweza kutengenezwa, lakini kulitengeneza ni ghali kuliko kumlipa mwenyewe thamani yake.

Aina ya kwanza haina ubishi mwingi. Migogoro mingi kati ya wenye magari na kampuni za bima hutokana na aina ya pili, kwa kuwa hapo hali ya gari si suala pekee. Uamuzi hutegemea hesabu, na kila tarakimu ya hesabu hiyo inaweza kubishaniwa.

## Asili ya dhana

Dhana ya hasara kamili ilianza katika bima ya vyombo vya baharini, kabla ya magari kuwapo. Wafanyabiashara wa London waliokutana katika mkahawa wa Edward Lloyd mwishoni mwa karne ya 17 walikuwa wakikatia bima meli na shehena. Meli iliyokwama kwenye mwamba mbali na bandari huenda haikuzama, lakini kuinasua na kuikarabati kungegharimu kuliko bei yake. Mwenye meli aliruhusiwa kuiacha mikononi mwa waliompa bima na kudai thamani yake yote.

Kanuni hiyo iliandikwa katika Sheria ya Bima ya Bahari ya Uingereza ya mwaka 1906. Kifungu cha 60 cha sheria hiyo kinasema kwamba meli iliyoharibika inaweza kuhesabiwa hasara kamili ikiwa gharama ya kuikarabati ingezidi thamani yake baada ya kukarabatiwa.

Magari yalipoenea, bima yake ilirithi mawazo hayo. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilifanya bima ya gari kuwa lazima kuanzia mwaka 1927, na Uingereza ilifuata kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 1930. Bima hiyo ya lazima ililenga kuwalinda watu wengine wanaoumizwa na gari. Bima inayolipa uharibifu wa gari lenyewe ilibaki kuwa hiari ya mwenye gari, na ndivyo ilivyo katika nchi nyingi hadi leo.

## Kanuni za bima zinazohusika

### Fidia

Msingi wa bima ya mali ni kwamba mkata bima arudishwe katika hali aliyokuwa nayo kabla ya hasara, asipungukiwe wala asifaidike. Kanuni hii ilielezwa kwa nguvu katika kesi ya *Castellain v Preston* ya mwaka 1883 nchini Uingereza. Katika kesi hiyo mwenye nyumba alikuwa amekwisha kukubaliana kuiuza nyumba yake ilipoungua. Alilipwa na bima, kisha akalipwa pia bei ya nyumba na mnunuzi. Mahakama iliamua kwamba kampuni ya bima ilikuwa na haki ya kurudishiwa fedha zake, kwa sababu mtu hawezi kulipwa mara mbili kwa hasara moja.

Kwa upande wa magari, kanuni hiyo ina maana kwamba mwenye gari la zamani hapewi fedha za kununua gari jipya. Hupewa fedha zinazotosha kununua gari linalofanana na lile alilopoteza: aina ileile, mwaka uleule, kilomita zinazokaribiana na hali inayolingana.

### Thamani ya soko na thamani iliyokubaliwa

Mikataba mingi hulipa *thamani ya soko*, yaani bei ambayo gari lingeuzwa siku ile ya ajali. Kiasi kilichoandikwa kwenye hati ya bima ni ukomo wa juu tu. Mtu aliyekatia bima gari lake kwa shilingi 15,000,000 wakati bei yake sokoni ni shilingi 9,000,000 atalipwa kwa kufuata hiyo milioni 9. Ada ya ziada aliyokuwa akilipa kwa ajili ya kile kiasi kikubwa haimnufaishi.

Mikataba michache hutumia *thamani iliyokubaliwa*. Katika mkataba wa namna hii pande mbili hukubaliana kiasi mapema, na kiasi hicho ndicho hulipwa gari likifutwa. Hutumika zaidi kwa magari ya kale yanayotunzwa kama kumbukumbu, ambayo bei yake haiwezi kupimwa kwa kulinganisha na magari ya kawaida.

### Kukatia bima chini ya thamani

Kosa la upande wa pili ni kutaja thamani ndogo ili kupunguza ada. Mikataba mingi ina kifungu cha wastani, kinachopunguza malipo kwa uwiano. Gari la shilingi 9,000,000 likikatiwa bima kwa shilingi 6,000,000, limelindwa kwa theluthi mbili tu. Ajali ikileta uharibifu wa shilingi 3,000,000, kampuni hulipa shilingi 2,000,000, na mwenye gari hubeba shilingi 1,000,000 iliyobaki.

## Jinsi uamuzi unavyofikiwa

Baada ya ajali kuripotiwa, kampuni ya bima humtuma mkadiriaji wa hasara kulikagua gari. Mkadiriaji huandika mambo matatu:

1. thamani ya gari kabla ya ajali;
2. gharama ya kulirudisha katika hali hiyo, yaani vipuri, rangi, kazi na kodi;
3. bei ambayo mabaki yanaweza kuuzwa kama yalivyo.

Kisha tarakimu hizo hulinganishwa. Kuna njia mbili zinazotumika sana.

Njia ya asilimia. Gari hufutwa ikiwa gharama ya matengenezo inafikia sehemu fulani ya thamani yake, kwa mfano asilimia 75.

Njia ya jumla. Gharama ya matengenezo hujumlishwa na bei ya mabaki. Jumla ikizidi thamani ya gari, gari hufutwa. Sababu ni kwamba kampuni ikilitengeneza gari, inapoteza nafasi ya kuyauza mabaki.

### Mfano wa hesabu

Chukua gari dogo lenye thamani ya shilingi 9,000,000. Matengenezo yamekadiriwa kuwa shilingi 7,200,000, na mabaki yanaweza kuuzwa kwa shilingi 2,500,000.

* Kwa njia ya asilimia 75, kikomo ni shilingi 6,750,000. Matengenezo yamekipita, kwa hiyo gari limefutwa.
* Kwa njia ya jumla, 7,200,000 + 2,500,000 = 9,700,000. Kiasi hiki kinazidi 9,000,000, kwa hiyo gari limefutwa.
* Mahali ambapo kikomo ni asilimia 100 ya thamani, gari hilohilo halilazimiki kufutwa, kwa kuwa 7,200,000 ni asilimia 80 tu.

Sasa chukua gari jipya zaidi lenye thamani ya shilingi 24,000,000 lililopata uharibifu uleule wa shilingi 7,200,000. Hiyo ni asilimia 30 ya thamani. Gari hili litapelekwa gereji bila mjadala. Uharibifu ni mmoja, lakini matokeo ni mawili tofauti, na tofauti imetokana na umri wa gari peke yake.

## Kwa nini gharama za matengenezo ni kubwa

Mwenye gari hushangaa mara nyingi anapoambiwa kwamba gari linalowaka na kutembea limefutwa. Sababu za gharama ni hizi.

* Vipuri vipya. Gari likitazamwa kama rundo la vipuri vinavyouzwa kimoja kimoja, bei ya vipuri vyote huzidi mara kadhaa bei ya gari zima. Ajali ya mbele peke yake huweza kugusa bampa, boneti, taa mbili, rejeta, feni na kondensa ya kiyoyozi.
* Mifuko ya hewa. Ikishafumuka haikunjwi na kurudishwa. Hubadilishwa pamoja na vihisio vyake, kifaa chake cha kudhibiti, na mara nyingi mikanda ya viti na dashibodi. Kwa gari la zamani, mifuko miwili iliyofumuka inatosha kulifuta.
* Kazi na rangi. Kunyoosha bodi na kupiga rangi huchukua saa nyingi. Paneli moja ikipakwa rangi, zile za jirani huguswa pia ili rangi ilingane. Kazi hiyo haipungui kwa sababu gari ni la zamani, na pengine huongezeka, kwa kuwa boliti zimeshika kutu na plastiki zimekauka na kuvunjika zinapofunguliwa.
* Uharibifu uliojificha. Makadirio ya kwanza hufanywa kwa kutazama nje. Bampa likifunguliwa, hugundulika kwamba mhimili wa mbele umepinda au chesisi imesogea. Mkadiriaji mwenye uzoefu huacha nafasi kwa ajili ya jambo hilo, na nafasi hiyo huisogeza hesabu karibu na kikomo.
* Vifaa vya kielektroniki. Kamera na rada zilizowekwa nyuma ya kioo cha mbele au ndani ya bampa huhitaji kupangwa upya kwa mitambo maalumu baada ya matengenezo. Magari yenye vifaa hivyo nayo yanazidi kuzeeka, na bampa lililokuwa kipande cha plastiki tu limekuwa kifaa cha bei kubwa.
* Gharama za pembeni. Kuvuta gari, kulihifadhi yadi kwa siku kadhaa, na mahali pengine kumpa mwenyewe gari la kukodi wakati wa matengenezo, vyote huingia katika hesabu ya kampuni.

Zaidi ya hayo, vipuri vya modeli za zamani huacha kutengenezwa. Kipuri kikikosekana, gari hukaa gereji kwa wiki nyingi likisubiri, na gharama za pembeni huongezeka.

## Taratibu za nchi mbalimbali

### Uingereza

Kampuni za bima hufuata mwongozo wa pamoja unaoyagawa magari yaliyofutwa katika makundi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2017 makundi ni manne:

* A: gari zima lazima lipondwe, na hata vipuri vyake visitumike;
* B: bodi lazima ipondwe, lakini vipuri vingine vinaweza kuuzwa;
* S: muundo mkuu wa gari umeharibika, ila unaweza kutengenezwa;
* N: muundo mkuu haukuharibika, na gari linaweza kutengenezwa.

Makundi ya S na N yalichukua nafasi ya C na D, yaliyotegemea zaidi gharama. Mabadiliko hayo yalifanywa ili mnunuzi wa baadaye ajue ni nini kiliharibika. Magari mengi ya zamani yaliyogongwa kidogo huangukia kundi N. Hata hivyo, N haina maana kwamba gari ni salama kuendeshwa: breki, usukani au mifuko ya hewa vinaweza kuwa vimeharibika bila muundo mkuu kuguswa.

### Marekani

Kila jimbo lina sheria yake. Florida hutumia kikomo cha asilimia 80, New York asilimia 75, na Texas asilimia 100. California hutumia njia ya jumla. Gari moja linaweza kufutwa katika jimbo moja na kutengenezwa katika jimbo jirani.

Gari lililofutwa hupewa hati maalumu ya umiliki inayoonyesha kuwa ni mabaki. Likitengenezwa na kukaguliwa, hupewa hati inayosema limejengwa upya, na alama hiyo hulifuata maisha yake yote. Ili kuzuia watu kuhamisha gari kutoka jimbo hadi jimbo na kuifuta alama hiyo, sheria dhidi ya wizi wa magari ya mwaka 1992 ilianzisha mfumo wa taifa wa kumbukumbu za hati za magari. Tatizo hilo lilionekana wazi baada ya Kimbunga Katrina cha mwaka 2005, ambapo magari mengi sana yalizama majini na baadhi yakakaushwa, yakasafishwa na kuuzwa mbali na eneo la mafuriko.

### Ujerumani

Mahakama za Ujerumani zinatambua kwamba mtu anaweza kuwa na sababu ya haki ya kutaka gari lake mwenyewe badala ya fedha, kwa kuwa analijua na amelitunza. Mtu aliyegongwa na mwingine anaweza kudai matengenezo kutoka kwa bima ya aliyemgonga hata kama gharama inafikia asilimia 130 ya bei ya kupata gari linalofanana. Masharti ni kwamba gari litengenezwe kikamilifu kama ripoti ya mtaalamu inavyoelekeza, na mwenyewe aendelee kulitumia, kwa kawaida kwa muda wa miezi sita. Kwa gari la mfano wa hapo juu, kikomo hicho kingekuwa shilingi 11,700,000.

### Australia

Nchini Australia magari yaliyofutwa hugawanywa kati ya yale yanayoweza kutengenezwa na yale yasiyoruhusiwa kabisa kurudi barabarani. Jimbo la New South Wales limekuwa kali zaidi: tangu mwaka 2011 magari mengi yaliyofutwa hayawezi kusajiliwa tena hata yakitengenezwa. Lengo lilikuwa kuzuia wezi kununua mabaki kwa ajili ya namba zake za chesisi na kuzihamishia kwenye magari ya wizi.

## Afrika Mashariki

### Bima za gari

Nchini Tanzania watu hutofautisha *bima ndogo* na *bima kubwa*. Bima ndogo ndiyo ya lazima kisheria, nayo huwalinda watu wengine. Hailipi chochote kwa uharibifu wa gari la mkata bima mwenyewe. Bima kubwa hulipa pia gari lake, na ndiyo pekee inayohusika na hasara kamili. Mgawanyo wa namna hiyo upo Kenya pia. Biashara hii husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), na kwa Kenya na Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA).

Kampuni nyingi huweka ukomo wa umri wa gari kwa bima kubwa, au hudai ukaguzi na uthamini kwanza. Matokeo yake ni kwamba magari mengi ya zamani yana bima ndogo tu. Mwenye gari kama hilo akigonga nguzo, hakuna wa kulitangaza kuwa hasara kamili. Hesabu ya kutengeneza au kuacha huifanya mwenyewe.

### Magari yaliyotumika na bei ya vipuri

Sehemu kubwa ya magari ya eneo hili huletwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, ambako huendeshwa upande uleule wa barabara. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania inaruhusu magari ya umri mkubwa zaidi, lakini huyatoza ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu.

Ushuru huo na gharama za meli hufanya gari la zamani kuwa na bei kubwa Dar es Salaam au Nairobi kuliko lilivyokuwa nalo Japani. Wakati huohuo kazi ya fundi ni nafuu, na vipuri vilivyotumika hupatikana katika maeneo kama Gerezani jijini Dar es Salaam au Grogan jijini Nairobi. Ndiyo maana gari ambalo lingefutwa Ulaya kwa uharibifu mdogo huku huweza kutengenezwa na kutumika miaka mingi zaidi. Hesabu ni ileile. Tarakimu ndizo zinazotofautiana.

### Historia ya gari lililonunuliwa nje

Magari ya Japani huuzwa kwa wingi katika minada, na kila gari huwa na karatasi ya mnada inayoonyesha daraja lake. Daraja la herufi R au RA humaanisha kwamba gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Mnunuzi anayeagiza gari anaweza kumwomba muuzaji karatasi hiyo na kulinganisha namba ya chesisi na ile iliyoandikwa humo. Bei iliyo chini sana kuliko ya magari yanayofanana ni dalili ya kuuliza zaidi.

## Mwenye gari kubaki na mabaki

Mara nyingi mwenye gari anaweza kuomba abaki na mabaki. Kampuni hukata bei ya mabaki kutoka katika malipo, na hukata pia kiasi ambacho mkata bima huchangia mwenyewe katika kila dai.

Kwa mfano uleule, ikiwa mchango wa mkata bima ni shilingi 500,000:

* thamani ya gari: 9,000,000
* kutoa bei ya mabaki: 2,500,000
* kutoa mchango: 500,000
* anacholipwa: 6,000,000

Iwapo fundi anayeaminika anaweza kulitengeneza gari kwa vipuri vilivyotumika kwa shilingi 5,000,000, mwenye gari anabaki na gari lake na shilingi 1,000,000. Iwapo kuna uharibifu uliojificha na gharama ikafika shilingi 8,000,000, ametumia shilingi 2,000,000 za mfukoni kwa gari ambalo bei yake imeshuka kwa sababu ya historia yake. Kabla ya kuamua, inafaa gari lifunguliwe na kukaguliwa na fundi asiye na maslahi katika kazi hiyo. Ni muhimu pia kuuliza kama gari hilo litakubaliwa tena kwa bima kubwa, kwa kuwa kampuni nyingine hukataa.

Iwapo gari lilinunuliwa kwa mkopo, mkopeshaji hulipwa kwanza. Deni likizidi malipo ya bima, mwenye gari huendelea kudaiwa kwa gari ambalo hana tena.

## Usalama

Bodi ya gari la kisasa imeundwa ili sehemu ya mbele na ya nyuma ijikunje wakati wa ajali na kupunguza nguvu inayowafikia abiria. Sehemu hiyo ikishajikunja mara moja na kunyooshwa kwa nyundo na moto, chuma chake hakina tena tabia ileile. Gari linaweza kung'aa kwa rangi mpya huku likiwa dhaifu katika ajali ya pili.

Dalili ambazo mnunuzi anaweza kuziangalia ni pamoja na:

* nafasi zisizolingana kati ya boneti na madigadi, au milango inayofungwa kwa shida;
* rangi inayotofautiana kati ya paneli na paneli;
* alama za kuchomelea ndani ya boneti au chini ya zulia la buti;
* taa ya mfuko wa hewa isiyowaka kabisa ufunguo unapowashwa, au isiyozimika baadaye;
* tairi zinazolika upande mmoja;
* harufu ya ukungu, au matope na kutu chini ya viti, dalili za mafuriko.

Taa ya mfuko wa hewa ni ya kuangaliwa kwa makini. Katika gari zima huwaka kwa sekunde chache na kuzimika. Isipowaka kabisa, huenda imekatwa ili kuficha kwamba mifuko haipo.

## Kupinga kiasi cha malipo

Kiasi cha kwanza kinachotajwa na kampuni si lazima kiwe cha mwisho. Mwenye gari anayeona amepunjwa anaweza:

1. kuomba nakala ya ripoti ya mkadiriaji na kuangalia kama mwaka, modeli, ukubwa wa injini na kilomita vimeandikwa sawasawa;
2. kukusanya bei za magari kadhaa yanayofanana yanayouzwa wakati huo;
3. kuonyesha risiti za kazi kubwa za karibuni, kama vile injini au giaboksi iliyobadilishwa, tairi mpya na rekodi za huduma;
4. kuleta ripoti ya mthamini mwingine;
5. kupeleka malalamiko kwa maandishi kwenye kampuni, na asiporidhika, kwenye chombo cha usuluhishi. Tanzania ina Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na Uingereza ina chombo cha usuluhishi wa malalamiko ya huduma za fedha.

Risiti hazirudishi kila shilingi iliyotumika, kwa kuwa tairi mpya haziongezi bei ya gari kwa kiasi kilekile zilichonunuliwa. Lakini huthibitisha kwamba gari lilitunzwa, na hali nzuri ni sehemu ya thamani. Hati ya kukubali malipo ya mwisho isitiwe sahihi kabla ya mjadala kwisha, kwani kwa kawaida hufunga dai.

## Ukosoaji

Utaratibu wa hasara kamili una lawama kadhaa. Ya kwanza ni kwamba thamani ya soko haipimi manufaa. Gari la zamani lisilosumbua linaweza kumfikisha mtu kazini kila siku kwa miaka mingine mitano. Fedha anazolipwa humpatia gari jingine la umri huohuo ambalo halijui, na huenda lina kasoro zilizofichwa. Wasiokuwa na akiba huumia zaidi, kwa sababu hawawezi kuongezea.

Ya pili ni upotevu wa mali. Kuunda gari hutumia chuma, nishati na maji mengi, na kulitupa gari zima kwa sababu ya bampa na taa ni hasara kwa mazingira. Watetezi wa matengenezo hupendekeza vipuri vilivyotumika vikubaliwe zaidi na kampuni za bima ili kushusha gharama.

Upande wa pili, watetezi wa utaratibu huu husema kwamba bila kikomo cha gharama ada za bima zingepanda kwa wote, na kwamba magari yaliyotengenezwa kwa kubanabana gharama huhatarisha maisha. Nchi zilizotajwa hapo juu zimechagua sehemu tofauti za kuweka mstari: Ujerumani imempa mwenye gari nafasi ya kulitunza gari lake, New South Wales imetanguliza kuzuia wizi na hatari, na majimbo ya Marekani yamegawanyika kati yao.